Taulo za Wifi

Mama Vioo alikuwa amefika katikati ya kioo cha tatu, gazeti lililofinyangwa mkononi, vidole vyeusi kwa wino, wakati wifi yake alipompita. Hakumpita kwa miguu. Mama Vioo alikuwa ndani, kwenye ukumbi wa wagonjwa, na wifi alikuwa nje barazani. Walisafisha ukuta uleule wa vioo, kila mmoja upande wake. Wifi aliweka mpira wake bapa wa kuondolea maji, wenye mpini, kwenye pembe ya kushoto, akauvuta hadi kulia kwa mkono mmoja, akaufuta ukingo kwa taulo ya buluu iliyoning'inia kiunoni, akashuka kidogo, akavuta tena. Mara sita tu, na kioo kikawa kikavu. Akatabasamu, akasukuma ndoo kwa mguu hadi kwenye kioo cha nne.

Mama Vioo naye akatabasamu. Kazi hii ina ubaya huo, ukinuna unaonekana.

Kliniki hiyo ya macho alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi na minne. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe, kwa kukosea: kwamba taulo mpya ya pamba huacha manyoya, lakini fulana iliyofuliwa hadi ikachakaa haiachi; kwamba sabuni ikizidi kioo hulia machozi; kwamba kioo hakisafishwi juani, maana maji hukauka kabla hujayawahi. Na lile lililompa jina: mtu wa ndani afute kwa kushusha, mtu wa nje afute kwa kulaza. Mchirizi ukibaki, hakuna ubishi. Uliosimama ni wa ndani, uliolala ni wa nje. Daktari mkuu aliposikia hilo alicheka hadi akavua miwani. "Huyu ndiye Mama Vioo," alisema, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine.

Miezi minane iliyopita mume wake alimwomba amtafutie kazi mdogo wake wa kike. Akamtafutia. Akamfundisha kila kitu, hata hilo la kusimamisha na kulaza. Kisha wifi akaazimwa mwezi mzima kusaidia kwenye jengo refu la ofisi, na aliporudi alirudi na mfuko wa zana. Ndani yake mlikuwa na ule mpira wa mpini, na taulo nane za maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba mno, za aina mbili. Nne za kijani, zenye manyoya mafupi, za kuoshea. Nne za buluu, nyembamba, zilizofumwa kama magamba ya samaki, za kumalizia. Wiki hiyohiyo daktari mkuu alipita barazani akamwambia wifi, "Hongera, Mama Vioo mdogo!"

Neno "mdogo" lilikuwa la heshima kwa mkubwa, mtu yeyote angeona hivyo. Mama Vioo hakuliona. Alisikia tu jina lake likienda kwa mwingine, akiwa bado amelivaa.

Kabla kioo cha tatu hakijaisha, msimamizi wa usafi alikuja na kalamu yake nyuma ya sikio, akagonga kioo kumwita wifi ndani.

"Sikilizeni. Jengo letu jipya hapo nyuma linafunguliwa mwezi ujao. Vioo arobaini na viwili. Nataka mtu mmoja avishike vyote. Achague mwenyewe zana, achague taulo, mimi niagize."

"Mtu mmoja?" Mama Vioo akauliza.

"Mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja."

"Sisi si mafahali, bosi," wifi akasema. "Labda mitamba."

Msimamizi akacheka. Mama Vioo hakucheka, kisha akaona amechelewa kucheka, akacheka peke yake.

"Alhamisi jioni mtausafisha ukuta huu kama kawaida yenu," msimamizi akaendelea. "Mama Vioo ndani, wifi yako nje. Ijumaa asubuhi jua likiupiga, nitasimama hapa nitazame. Jua halimpendelei mtu."

Usiku huo, mezani, mume wake alikuwa ameshapata habari. "Mdogo wangu ana mkono, eti?" alisema kwa furaha. "Lakini ndiyo hivyo, mwalimu wake ni wewe."

Mama Vioo alizisikia sentensi zote mbili. Aliyokwenda nayo kulala ni ile ya kwanza.

Jumatano ilikuwa siku ya wifi ya mapumziko. Zile taulo nne za buluu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya stoo, kila moja na kibanio chake. Mama Vioo aliingia kuchukua ndoo, akatoka na ndoo, akarudi. Akazikunja taulo akazitia kwenye mkoba wake, chini ya kanga. Kuazima, alijiambia. Ingawa mtu akiazima huwa anamwambia mwenyewe.

Nyumbani alilowanisha dirisha la jikoni, akafuta nusu ya kushoto kwa gazeti na nusu ya kulia kwa taulo ya buluu. Akasogea nyuma. Gazeti lake lilikuwa limefanya kazi nzuri, kazi ya miaka kumi na minne. Upande wa taulo, kioo kilikuwa hakipo. Mbu mmoja alikuja kuruka akajigonga hapo.

Alikaa kwenye kigoda, taulo ikiwa mapajani. Angeweza kusamehe kama wifi angekuwa na bidii kumshinda, au nguvu, au miaka michache. Lakini kushindwa na kitambaa! Akajaribu tena na taulo ya pili, ya tatu, ya nne, kana kwamba mojawapo ingemwonea huruma. Zote zikasema lilelile.

Sasa zilikuwa zimechafuka, na hakutaka isemwe kwamba ameshika cha mtu akakirudisha kichafu. Akazifua kwa mkono, polepole. Kwenye maji ya mwisho akatia vifuniko viwili vya ile dawa ya kulainisha nguo anayotumia kwenye mashati ya mume wake. Zikalainika kama shavu la mtoto. Alhamisi alfajiri alizirudisha kwenye kamba, kila moja na kibanio chake.

Mchana wifi alizishusha, akanusa.

"Wifi, mbona taulo zangu zinanukia kama bibi harusi?"

"Mimi nitajuaje? Labda upepo wa huko dirishani."

"Basi huo upepo una mchumba," wifi akasema, akaifunga moja kiunoni, akatoka.

Jioni hiyo walisafisha ukuta mzima, vioo kumi na viwili, kivuli kikiwa kimeshaingia barazani. Mama Vioo alishusha gazeti lake kwa uangalifu kama mtu anayechana nywele za mtoto mwenye kidonda kichwani. Nje, mpira ulikwenda kushoto kulia, kushoto kulia. Kivulini, kila kioo kilionekana safi kwa wote wawili.

Ijumaa saa mbili asubuhi jua liliupiga ukuta.

Wagonjwa wa kwanza walikuwa wameshakaa. Msimamizi alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. Kila kioo kilikuwa na utando, na ndani ya utando mna michirizi mirefu, kama konokono mia wamepita usiku wakielekea upande mmoja.

Bibi mmoja aliyekuwa amevaa miwani mipya akamgusa binti yake. "Juzi hii michirizi sikuiona kabisa. Kumbe miwani inafanya kazi!"

Watu wakacheka. Msimamizi akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Imelala," akasema. "Na iliyolala ni ya wapi?"

Akageuka.

"Mama Vioo, wewe ndiye uliyetufundisha. Iliyolala ni ya wapi?"

"Ya nje," akasema Mama Vioo.

Furaha ilimpanda ghafla, kama maziwa yanavyopanda sufuriani ukigeuza kichwa. Hakuwa ameipanga wala hakuwa na la kuizuia. Ilimjaa hadi ikabidi aangalie sakafu.

Wifi alikwishakimbilia nje na ndoo. Walimwona kupitia kioo akilowanisha, akivuta mpira, akiufuta kwa taulo, akivuta tena, na kila alipovuta michirizi ilifuata nyuma ya mpira kama mkia. Alibadilisha maji. Alichukua taulo nyingine ya buluu. Hali ikazidi. Mwishowe aliingia ndani ameilaza taulo kiganjani, uso umemshuka.

"Sijui nimeharibu nini, bosi. Hebu ona. Hata maji haiyataki."

Akadondosha tone moja la maji juu ya taulo. Tone halikunywewa. Lilikaa juu yake mviringo, liking'aa kama jicho, kisha likaserereka na kuanguka sakafuni.

Hapo Mama Vioo akaelewa. Alikumbuka taulo za kuogea za nyumbani kwake, ambazo tangu aanze kuzitia ile dawa mume wake hulalamika kwamba zinayazungusha tu maji mgongoni. Ile dawa huvika uzi mafuta. Uzi wenye mafuta haunywi. Na wifi alikuwa akiufuta mpira wake kwa taulo hizo kila mvuto, mafuta yakaingia kwenye ukingo wa mpira, mpira ukayapaka kwenye vioo kumi na viwili.

"Basi," msimamizi akasema, akichomoa kalamu sikioni. "Mambo ya kisasa tumeyaona. Jengo jipya anachukua Mama Vioo, na gazeti lake."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Aliikunja ile taulo mara mbili, mara nne, akawa haoni pa kuiweka.

Kama angebisha, kama angesema "mtu amechezea vitu vyangu," huenda Mama Vioo angenyamaza hadi kaburini. Mtu akikushtaki unapata mahali pa kusimama. Lakini wifi alijilaumu mwenyewe, tena kwa sauti ya mwanafunzi, mbele ya mwalimu wake.

"Taulo nilizichukua mimi," Mama Vioo akasema.

"Nini?" msimamizi akauliza.

"Jumatano. Nilikwenda nazo nyumbani kuzijaribu. Nikazifua, nikazitia dawa ya kulainisha. Sikujua inaziua. Ila kuchukua nilijua nachukua."

Yule bibi wa miwani mipya akageuka mzima mzima ili aone vizuri.

Wifi akaikunjua ile taulo. "Ungeniomba, wifi."

"Ningekuomba ungenipa. Ndiyo maana sikuomba."

Msimamizi alikuna kichwa kwa kalamu. Alikuwa mtu wa haki lakini hakupenda haki inayomrudisha nyuma kwenye ratiba. "Mmenichosha. Jengo jipya nampa huyu," akamnyooshea wifi kalamu, "kwa sababu hata kwa taulo zilizokufa aliufuta ukuta mzima. Na wewe, Mama Vioo, utanisafishia michirizi yote hiyo ya nje pamoja naye, leo, jua likishaondoka ukutani. Halafu tutaongea mimi na wewe."

Akaondoka. Mama Vioo alisubiri ajisikie mwepesi, kama wanavyosema watu waliosema kweli. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyetoa jino bovu na bado shavu linauma, na linamuuma zaidi akimtazama mwenye meno yote.

Saa tisa, baraza lilipoingia kivuli, walikutana kwenye bomba la nyuma. Wifi alizimwagia taulo maji ya moto akaanza kuzisugua.

"Tia siki," Mama Vioo akasema.

"Siki?"

"Inakata mafuta. Kikombe kimoja kwa ndoo. Na mpira nao uufute kwa siki, la sivyo unajisumbua."

Wifi akatia. Walizikamua, wakazisuuza, wakarudia. Baada ya mara ya tatu wifi alidondosha tone. Taulo moja ikalinywa nusu. Nyingine zikakataa.

"Hii moja itafaa kwa kuanzia," wifi akasema. Kisha, bila kumtazama, "Mimi na mume wako tumezaliwa tumbo moja, unajua. Nikimwambia, atacheka mwaka mzima."

"Usimwambie."

"Nitafikiria. Inategemea unavyofanya kazi."

Walikuwa upande mmoja wa kioo kwa mara ya kwanza tangu siku za mafunzo. Wifi alimpa mpira. Mama Vioo alikuwa hajawahi kuushika. Aliuweka pembeni, akavuta, akauinua kabla ya kufika mwisho, ukaacha mstari mnene.

"Usiunyanyue. Uegemeze, uulaze kidogo, mpaka ukingoni."

"Najua kulaza. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi laza, mwalimu."

Akalaza. Safari hii mpira ulikwenda mpaka mwisho kwa mlio mwembamba, na nyuma yake kioo kikatoweka. Mama Vioo aliutazama mpira mkononi mwake kwa kijicho kilekile cha siku zote. Alitaka uwe wake. Alitaka vile vioo arobaini na viwili viwe vyake.

"Kwa jengo jipya," wifi akasema, akikamua ile taulo moja, "nimwambie aagize mipira ya upana gani? Vile vya ngazini ni virefu lakini vyembamba."

Mama Vioo aliukung'uta mpira maji. Alikuwa ameshavipima vioo hivyo kwa macho wiki nzima, vyote, kila alipopita.

"Miwili," akasema mwishowe. "Mpana wa ukumbini, mwembamba wa ngazini. Na taulo za buluu zisipungue ishirini. Zifuliwe peke yake, zisichanganywe na pamba, zinaokota manyoya."

"Na dawa ya kulainisha?"

"Nyamaza wewe."

Walipomaliza kioo cha tano, taulo ile moja ilikuwa imelowa chapachapa na giza lilikuwa linaingia. Vioo saba vilibaki na michirizi yake. Wakazitumbukiza taulo zote nne kwenye ndoo ya maji ya moto na siki, wakaifunika kwa sahani, na wifi akaandika kwenye kipande cha gazeti, akakibandika juu: ZISIGUSWE MPAKA KESHO.

Mama Vioo alilisoma lile tangazo mara mbili.

"Hilo ni la nani?" akauliza.

"La wafagiaji wa usiku," wifi akasema, akichukua mkoba wake. "Twende, wifi. Kesho saa moja, kabla jua halijafika."