Bati la Ndege

Simu ya Sumaku ilinikuta mikono yote miwili imo kichwani kwa nesi. Nilikuwa namsuka. Upande wa kushoto umekwisha, umelala vizuri, na wa kulia nywele zimesimama wima kama zimeona jambazi. Nikaibana simu kwa bega.

"Dada msusi," akasema, halafu akanyamaza. Sumaku ananunua vyuma chakavu, na maneno yake huyatoa kama dawa ya mgonjwa, kijiko kimoja kimoja. "Bati lako limekuja."

"Bati gani?"

"La ndege."

Nilipiga ukelele mpaka nesi akajishika kichwa, akidhani nimemng'oa nywele.

Jamani, mniache nieleze, maana najua mnavyonitazama. Kiwanda cha sarafu kikichapa sarafu zikatoka na kasoro, hakizitupi hivi hivi. Mjanja atazizoa akanunulie soda. Kwa hiyo huzipitisha katikati ya magurudumu mawili ya chuma yenye meno, zikatoka zimekunjamana mawimbi mawimbi kama bati la kuezekea nyumba. Hapo hazinunui tena hata kiberiti. Zinauzwa kwa kilo, zikayeyushwe. Basi hizo ndizo ninazokusanya mimi. Wenzangu wanakusanya viatu na mikoba, mimi nakusanya pesa zilizofukuzwa kazi. Ninalo bati la samaki, bati la ua, bati la mtu mwenye kofia ambaye pua yake imekwenda upande mmoja na mdomo upande mwingine. Nazihifadhi kwenye kopo la nyuzi za kusukia, na mteja akiniuliza zina faida gani, namwambia atulize shingo.

Lakini hizo zote ni za kujifurahisha. La ndege ni habari nyingine.

Baba yangu alikuwa mchongaji katika kiwanda hicho hicho. Mtoto wa muuza mkaa, mama yake alifariki kabla sisi hatujazaliwa, hata picha yake hatuna. Miaka yote alichonga namba na maandishi, sura wakachonga wakubwa zake. Mara moja tu katika maisha yake wakampa sura: ndege. Akamchonga anatazama juu, na kichwa akakiinua mpaka kikapita kimo cha ukingo wa sarafu. Wakamwambia, bwana, shusha hicho kichwa, sarafu hazitapangika. Akagoma. Wakachapa za majaribio, na kweli, ukiweka moja juu ya nyingine zinacheza kama meza yenye mguu mfupi. Siku hiyo hiyo zote zikapelekwa kwenye meno. Ndege akachongwa upya na mtu mwingine, bapa kama unyayo, na baba akarudishwa kwenye namba zake. Kazi yake mwenyewe hakuwahi kuishika mkononi. Kwa nini alikataa kushusha kichwa, hakusema. Nyumbani tuliita ubishi, yakaisha.

Sasa macho ya baba yanazima. Daktari alishasema hayarudi, yaliyobaki ni mwanga kidogo akikaa dirishani. Nami nilijiapiza: kabla giza halijafunga kabisa, baba atamwona ndege wake. Nimewasumbua wauza vyuma wote mpaka wengine wakiniona wanajifanya wanasinzia. Na leo Sumaku ananiambia limekuja!

"Nafunga kibanda, twende," nikamwambia nesi.

"Twende wapi? Na hiki kichwa?"

"Njoo nacho! Si unaingia kazini jioni? Nitakumalizia huko huko tuendako."

Akajitupia taulo, tukatoka mbio. Njiani nikamsimulia mambo ya baba, vipande vipande, pumzi juu. Watu walimgeukia nesi kwa ile nusu ya nywele iliyochungulia, naye akawa anawajibu, "Mtindo mpya huu, mtauiga tu!" Nilicheka huku nakimbia. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni, na sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha namna ile tangu niwe mtu mzima.

Tukamkuta Sumaku amekaa juu ya injini, anakunywa chai.

"Liko wapi?"

"Kaka yako kakutangulia. Alikuja kutafuta mlango wa gari, nikamwonyesha. Alifurahi huyo! Kasema atalipeleka kwa mzee mwenyewe, likishakuwa zuri."

"Likishakuwa zuri?"

"Kasema ni aibu kumpelekea mzee kitu kimekunjamana hivyo."

Kaka yangu ni fundi bodi. Kazi yake ni kunyoosha magari yaliyogongwa, na kazi hiyo imemwingia mwilini. Hapiti penye kitu kilichobonyea akakiacha. Sufuria za mke wake amezinyoosha, ndoo za majirani amezinyoosha, sanamu ya shaba niliyopewa zawadi aliinyoosha shingo. Sikungoja maelezo mengine. Nikavua viatu nikavishika mkononi.

Nyundo niliisikia tangu kona ya gereji yake. Ti! Ti! Ti!

"Kakaaa! Acha! Shusha nyundo!"

Ti!

Alikuwa ameinama juu ya kipande cha reli, ulimi nje kwa umakini, nyundo ndogo mkononi. Akainua uso, uso wote unacheka. "Ah, mdogo wangu! Umewahi kweli. Bado nusu tu."

Nikaitazama sarafu. Upande mmoja mawimbi yalikuwa palepale. Upande wa pili ulikuwa umelala, laini, ameung'arisha na kitambaa chake mpaka unawaka. Mkia haupo. Bawa halipo. Kiwanda kizima na meno yake ya chuma hakikumfuta yule ndege, akaja kumfuta mtoto wa mwenye ndege!

"Umemuua!" nikapiga kelele. "Umemuua ndege wa baba!"

"Nimemnyoosha."

"Nani kakwambia amepinda?"

"Si nimeona kwa macho yangu?"

Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia siku akifa tutamzika amepinda, tuone kama atainuka kujinyoosha. Nesi akanishika mkono. Kaka alikaa kwenye tairi, akaiweka nyundo chini taratibu, akasema kwa sauti ndogo, "Walimponda mzee mbele ya wenzake. Nilitaka angalau mara moja aione kazi yake imenyooka."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikaketi kwenye tairi lile lile.

"Baba yenu yuko mbali?" akauliza nesi. "Maana nyie mkianza kulia hapa, nitaingia kazini na nusu kichwa."

Tukaenda wote. Baba alikuwa dirishani, redio pajani. Akasikia miguu yetu mlangoni.

"Mbona kundi zima? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Fungua mkono."

Nikamwekea kiganjani. Nikamwambia ni nini, nikijikwaa kwa haraka, kwamba ni yule ndege wake. Baba akaizima redio, akaisogeza sarafu kwenye mwanga, akaileta karibu na jicho, akaigeuza. Akaleta jicho la pili.

"Naona kitu kinang'aa," akasema mwishowe. "Basi."

Kilichong'aa ni ile nusu aliyoinyoosha kaka. Ndege mwenyewe hakumwona. Tumechelewa! Miaka yote ile ya kuchakura kwenye vyuma vya watu, na tumechelewa. Machozi yakanitoka bila kuaga.

"We msusi, unalia nini?" akasema baba. "Nyamaza kwanza."

Akafumba macho. Akaweka dole gumba juu ya sarafu, akaanza upande ulio laini.

"Huku kapita fundi bodi."

Kaka akajificha nyuma ya nesi.

Dole likasogea, likafika kwenye mawimbi. Likapanda, likashuka, likapanda tena, polepole, kama mtu anayepita chumba anachokijua taa zikiwa zimezimwa. Likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likasimama palepale.

"Kichwa," akasema. "Mdomo wake huu. Jicho hili. Kapita kwenye meno na kichwa chake!" Akamnyooshea sarafu nesi, ambaye hata hakumjua ni nani. "Mwanangu, njoo. Fumba macho, uniambie anatazama wapi."

Nesi akafumba, akapapasa, paji la uso limekunjamana. "Juu," akasema. "Anatazama juu."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kidole tu."

Baba akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama yetu aondoke. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Mama yangu hakuwa anaona," akasema. "Hilo sikuwaambia. Aliuza mkaa, na watu walimpa sarafu ndogo wakimwambia ndiyo kubwa, maana kwa kidole zote zilikuwa sawa. Na yeye anashukuru! Nikasema, wakinipa sura mimi, nitachonga moja ambayo hawatamdanganya nayo mtu kama yeye."

"Baba, mbona hukuwaambia kule kazini?"

"Niliwaambia. Wakasema sarafu lazima zipangike."

Kaka akapiga magoti, akaanza kuomba radhi. Baba akampapasa kichwani, akamwambia nyundo yake aiache kwa magari ya watu.

Nywele za nesi nilizimalizia pale pale, yeye amekaa sakafuni, mimi kwenye kiti, nimejaa furaha hata nikakosea mistari miwili na hakulalamika. Baba alibaki dirishani, macho kafumba, dole gumba juu ya ndege, na kila baada ya kitambo anasema peke yake, "Angemjua. Mama angemjua."