Nimebakiza Vifungo Tu

Mimi nilimwambia Mzee Ravindra tangu siku ya kwanza: mzee wangu, umeniajiri kuuza zipu. Zipu, vifungo, uzi, bitana na lastiki. Hakuna siku uliyosema nitaimba. Yeye akanitazama kwa juu ya miwani yake, akatabasamu, akasema, "Dakika tano tu, Paskalina."

Jamani, msiniambie habari za dakika tano za yule mzee. Kuna dakika tano zilianza saa nane mchana zikaisha saa kumi na moja, wateja wamenigongea kaunta mpaka wakachoka, wakahamia duka la jirani.

Duka lenyewe liko Kariakoo, mtaa wa ndani, alilianzisha baba yake. Ana miaka sitini na saba na kwenye biashara hana mchezo, lakini ana ugonjwa mmoja: anatunga nyimbo. Zingekuwa za mapenzi au za dini ningemwelewa. Thubutu! Ametunga wimbo wa zipu iliyofumuka bibi harusi ndiyo anaingia ukumbini. Ametunga wimbo wa jenereta la jirani. Ana wimbo wa mteja anayeuliza bei ya kila kitu dukani halafu ananunua sindano moja, na huo aliuimba mteja mwenyewe kasimama pale pale. Mkewe, Mama Madhuben, alishampiga marufuku kuimba nyumbani. Ndipo akahamia stoo, na mzigo wote akanitwisha mimi.

Hiyo stoo iko nyuma ya duka. Majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini, na mzee anasema vitambaa vinameza mwangwi. Vinameza mwangwi, na hewa vinameza vilevile. Feni lazima izimwe kwa sababu inasikika kwenye rekodi. Simu anailaza juu ya jora la bitana, kinanda chake kidogo cha betri anakipakata, mimi ananipa kopo la vifungo nilitikise. Mkono mwingine nashika mkasi mkubwa, nafungua nafunga, chak, chak, ndiyo ngoma yetu hiyo. Sasa tukishakolea tu, nje huko mtu wa mkokoteni, "Pisha, pisha, mzigo!" Tunaanza upya. Tukifika katikati, spika ya muuza dawa ya panya inapita. Tunaanza upya. Mara ya kumi na moja jasho limenifika kiunoni, mzee ananiambia, "Nzuri sana, ila tabasamu kidogo. Tabasamu linasikika." Haki ya Mungu nilitamani nimvike lile kopo kichwani.

Mtauliza kwa nini asiimbe mwenyewe. Mngemsikia msingeuliza. Na mimi nilijiponza, kwa sababu nikipanga zipu huwa naimba chini chini nyimbo za kwaya, akanisikia, basi nikawa nimekwisha.

Kwaya ndiyo hasa iliyoniingiza matatani. Nimeimba sauti ya pili parokiani kwetu miaka kumi na miwili. Wanaoimba sauti ya pili wanajua ninachosema: wimbo mnaubeba ninyi, sifa zinaenda sauti ya kwanza. Mwaka huu parokia ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na Mwalimu Hyasinta, mwalimu wetu wa kwaya, mama ambaye hajawahi kumsifia mtu mbele yangu, akasema beti za wimbo wa shukrani nitaziimba mimi. Peke yangu! Nilitoka mazoezini nikampigia mama yangu Masasi hata geti la parokia sijavuka. Mama alikuwa hajawahi kukanyaga Dar na safari ya basi inamtia kichefuchefu. Akasema, "Nakuja kukusikia." Akakata tiketi wiki hiyo hiyo.

Lakini kwaya ina katiba, na katiba inasema mwanakwaya asirekodi wimbo wowote nje bila idhini ya uongozi. Siyo mapambo hayo. Mwaka juzi kaka mmoja alisimamishwa miezi mitatu kwa kuitikia kwenye wimbo wa bendi ya harusi. Ndiyo maana nilimwapisha Mzee Ravindra mambo mawili: jina langu lisitajwe popote, na wimbo hata mmoja usitoke nje ya stoo. Akaapa, mkono wake juu ya jora la kitenge.

Siku ya balaa alikuja na wimbo wa fundi cherehani. Akanisomea kwenye daftari lake: "Ewe fundi wangu mpendwa, nguo yangu imechelewa, tafadhali harakisha."

"Mzee," nikamwambia, "nani duniani anamwambia fundi tafadhali?"

"Sasa wanasemaje?"

Kaniuliza wakati mbaya. Sare zetu za jubilei zilikuwa kwa Fundi Fikirini mwezi wa pili ule, na aliyekuwa anatumwa kuzifuata kila Jumamosi ni mimi, na kila Jumamosi naambiwa, "Nimebakiza vifungo tu." Presha ikanipanda. Nikamnyang'anya daftari, nikakata mistari yake yote, nikamwambia andika, tena andika upesi:

*Nikimpigia, yuko msibani,*
*nikimfuata, umeme hamna,*
*kitambaa changu bado kimefungwa,*
*hata mkasi hakijauona,*
*amebakiza vifungo tu!*

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Tukazima feni, tukaimba. Mara moja tu, jamani. Siku hiyo hakuna mkokoteni uliopita, wala dawa ya panya, wala king'ora. Pale kwenye "vifungo tu" nilipanda juu kwa hasira zangu zote za Jumamosi nane, kisha nikatikisa kopo kama nataka kulitoboa. Akaupiga tuusikilize. Ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Nikamwambia haya, washa feni, kuna watu kaunta.

Wiki mbili zikapita. Nikaenda Feri kununua samaki. Nipo kwenye mnada, nimeshawekea jicho fungu la vibua, mara simu ya mchuuzi ikaita mfukoni kwake. Sauti iliyotoka mle ni yangu. "Amebakiza vifungo tu!" Watu wawili nyuma yangu wakaitikia, na kopo wakaliigiza kwa mdomo.

Samaki niliwaacha hapo hapo. Nikarudi dukani nahema.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimemtumia mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Fundi Fikirini," akasema, na wala hakuona tatizo. "Nilitaka maoni ya mtaalamu."

Makubwa! Umtumie fundi wimbo wa kuwasema mafundi! Na mafundi wale, watu wasio na haya hata chembe, badala ya kukasirika wakatumiana wao kwa wao. Kila banda la cherehani Kariakoo likawa linaupiga. Mteja akifika kulalamika, fundi anaongeza sauti. Mzee Ravindra akawa anatembea dukani kama bwana harusi. Mimi kila nikiusikia naiona ile katiba.

Kwa kuwa jina halikutajwa, wimbo ukabaki hauna mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mjini hapa hakilali nje. Akatokea Violeth. Huyu ni mwimbaji wa kwaya ya parokia jirani, niliwahi kuimba naye kwenye semina. Ni dada mzuri, anavaa vizuri, ila akifika sauti ya juu anashuka kidogo kila mara, na yeye hajui. Watu walipomuuliza kama ni yeye aliyeimba wimbo wa vifungo, hakukataa wala hakukubali. Alicheka tu, akasema, "Mungu ni mwema." Mimi nilipoambiwa nikasema afadhali. Abebe tu, nimalize jubilei yangu kwa amani.

Zikiwa zimebaki siku saba, baada ya misa, nikaitwa kwenye kikao cha uongozi. Walikuwa chumba cha nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wetu Eliasi ni mtu mpole, ugomvi wa watu unamuumiza tumbo. Mwalimu Hyasinta alikuwa pembeni yake, na wajumbe watatu. Simu ilikuwa mezani. Wakaupiga wimbo wote, mpaka kopo la mwisho.

"Dada Paskalina," mwenyekiti akasema, "yapo maneno. Lakini tumeulizia, tumeambiwa huyu ni Violeth, na mwenyewe hakatai. Kwa hiyo wewe sema tu siyo wewe, tufunge kwa sala, watu wakale."

Neno moja. Siyo. Mama yangu tiketi anayo, begi ameshafunga, na beti zangu nazijua usingizini. Nikafungua mdomo niseme siyo.

Mwalimu Hyasinta akainamia ile simu, akasema, "Ni Violeth kabisa. Sikilizeni tu anavyopanda pale juu."

Jamani! Miaka kumi na miwili, kila Alhamisi na kila Jumamosi, nimesimama mbele ya yule mama natoa sauti. Anisikie halafu aseme ni Violeth? Sasa hivi nikikumbuka nafikiri labda alikuwa ananiokoa. Sijui. Sijamuuliza na sitamuuliza. Saa ile sikufikiri hata kidogo, damu ilikuwa imeshafika masikioni.

"Violeth yupi?" nikasema. "Violeth anayeshuka? Violeth angefika pale juu angeshukia barabarani! Mwalimu, ni mimi huyo. Na maneno nimetunga mimi."

Nikasimama nikauimba. Sikuwa na kopo, nikachukua funguo za mwenyekiti mezani nikazitikisa. Nilipofika "kitambaa changu bado kimefungwa", mwenyekiti akaficha uso kwa katiba, mabega yanamcheza, maana na yeye shati lake la jubilei lilikuwa kwa Fikirini. Wajumbe wakaitikia "vifungo tu" bila kupenda. Nilimaliza, nikaketi.

Kisha mwenyekiti akapangusa macho, akafungua ile ile katiba, akanisomea miezi mitatu. Alisoma kwa huruma kweli, lakini alisoma.

Mama alifika Ijumaa. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nilimwambia koo linaniuma, daktari kanikataza kuimba. Jumamosi Fikirini akaleta sare zote, na yangu ilikuwa na vifungo vyote, hata kimoja hakijalegea. Angechelewesha siku hiyo moja nisingelia.

Jumapili tuliketi benchi la nane. Beti zangu aliziimba binti wa sauti ya kwanza, na aliimba vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa nasogeza midomo bila sauti. Mama hakunigeukia. Alishika goti langu wimbo ulipoanza, akaliachia ulipokwisha, na njia nzima kurudi nyumbani alizungumzia foleni ya magari.

Jumatatu akataka kuona ninapofanya kazi. Tukashukia Msimbazi, tukaingia mitaa ya ndani, yeye kashika mkoba kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Tukapita banda la fundi. Wimbo ulikuwa unapigwa. Nikaongeza mwendo. Nilipogeuka, mama kasimama katikati ya njia, kichwa kakiinamisha upande, mikokoteni miwili nyuma yake imekwama na wenyewe wanapiga kelele, "Mama, pisha!" Wala hakuwasikia.

"Paskalina."

"Abee, mama."

"Huyu si wewe?"

Sikuwa nimemwambia. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Kopo linapigwa, mkasi unalia, spika ya yule fundi imepasuka, na mama alikuwa amenijua kabla ubeti haujaisha.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Sasa mbona huku unaimba," akauliza, "na jana kanisani ulikuwa umekaa?"

Nililia pale pale njiani, mtu mzima na mkoba wangu wa chakula cha mchana, na nilikuwa na hasira kwamba nalia. Nilimweleza yote tukitembea: katiba, Violeth, kikao, na uongo wangu wa koo. Nilidhani atanisema. Akatembea nami mpaka dukani, ambako Mzee Ravindra alimpa kiti chake mwenyewe na kumwagizia chai.

Mama alikunywa nusu ya ile chai. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi nimetoka Masasi kuja kukusikia," akasema. "Basi niimbie."

Nikamtazama mzee. Mzee, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutaja dakika tano. Alilichukua tu kopo la vifungo, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, akatangulia na kinanda chake.

Kaunta wateja walikuwa wameshaanza kugonga.

"Dakika tano tu!" nikawapigia kelele, nikaingia stoo, nikazima feni.