Masharubu ya Profesa Yapur

Profesa Anselmo Yapur aliingia ofisini kwetu Jumatatu ya kwanza ya Machi, na kabla sijauona uso wake niliyaona masharubu. Meupe, mazito, yamefunika mdomo wa juu wote na nusu ya wa chini. Mkononi alikuwa na bahasha nene kutoka kibanda cha fotokopi cha Rulo, mbele ya lango la kitivo, ambako kila mwalimu wetu huacha makaratasi yake na wanafunzi huenda kununua nakala.

"Binti, masomo yangu haya hapa," alisema, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. "Yatieni kwenye mitambo yenu, mnisainie, niende zangu."

Hakunikumbuka. Mimi nilikumbuka hata harufu ya koti lake.

Nina kifaa cha kusikia kwenye sikio la kushoto. La kulia ni pambo tu. Kinachobaki nakisoma midomoni. Miaka sita nyuma nilikaa mstari wa kwanza katika darasa lake la Historia ya Uchumi, hapa hapa mjini Tucumán, na kwa muhula mzima nilisoma mgongo. Aliandika ubaoni huku akiongea na ubao. Siku moja nilijikaza, mimi ambaye nikiagiza mkate dukani natetemeka, nikamwomba ageuke. Aligeuka. Akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliipata: "Mwanangu, hapa ni chuo, si hospitali." Wanafunzi themanini wakacheka.

Nilisimama mbele ya jopo lake mara tatu. Kwetu mtihani wa mwisho ni wa mdomo: unazungusha tufe la waya, unatoka mpira wenye namba, na namba ndiyo mada yako. Mada nilizijua zote. Maswali ndiyo sikuyapata, kwa sababu aliyauliza ameinamia karatasi, na yaliyotoka yalichujwa na yale masharubu. Mara ya tatu aliniandikia mbili. Kufaulu ni nne. Nikapoteza mwaka.

Sasa chuo kilikuwa na kanuni mpya: hakuna kozi itakayofunguliwa Agosti mpaka ofisi yetu ithibitishe kwamba kila mwanafunzi anaweza kuifuata, anayeona na asiyeona, anayesikia na asiyesikia. Na katika ofisi yetu, aliyeandika neno la mwisho kwenye fomu nilikuwa mimi. Neno nililolitaka lilikuwa na herufi sita: HAIFAI.

"Zule, mbona unatabasamu peke yako?" aliuliza Bibi Mirta, mkuu wetu.

"Nina ombi. Kozi ya Yapur tusiijaribu sisi. Aijaribu mwenyewe. Asome kama mwanafunzi, halafu afanye mtihani."

Bibi Mirta aliweka chini kibuyu chake cha yerba, yale majani ya chai chungu tunayoyanywa kwa mrija. "Wewe? Wewe unayejificha msalani siku ya kikao?"

"Mimi."

"Haya. Nitaleta na keki."

Jaribio lilifanyika Alhamisi. Kwanza nilimfunga kitambaa machoni nikamwekea mtambo unaosomea wasioona. Makaratasi ya Rulo yalikuwa nakala ya nakala ya nakala, tangu enzi za taipureta, yamepigwa picha yakiwa upande. Mtambo ukasema: "Ukurasa hauna maandishi. Ukurasa hauna maandishi." Ulisema hivyo mara arubaini na moja. Nilimwacha asikilize zote.

"Inatosha, binti," alisema kwenye ya kumi.

"Bado kidogo, profesa. Mwanafunzi hawezi kuruka kurasa."

Kisha nilimwondolea kitambaa, nikamtia vizibo masikioni na juu yake vifuniko vya mafundi wa karakana. Nikamwonyesha video ya somo lake mwenyewe. Dakika hamsini za koti la kahawia. Walimu wawili walioitwa kuwa jopo pamoja nami waliangalia dari ili wasicheke.

Mwisho nikaleta tufe. Alilizungusha, ukatoka mpira wa tisa. Mada ya tisa ni reli na viwanda vya sukari. Mwanamume huyu ameandika vitabu viwili juu yake. Nikainama kwenye karatasi, kiganja mdomoni, nikauliza swali jepesi kabisa.

"Nini?" alisema.

Nikageuza ukurasa.

"Nini? Sijasikia. Sema vizuri!"

"Anasema asemewe vizuri," nilimwambia mwenzangu, bado nimeinama. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto siku ya kanivali. Nikamwandikia mbili, kwa wino mwekundu, nikaigeuza karatasi aione. Alivua vifuniko taratibu. Alinitazama muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, lakini sikujua kama alikuwa ananikumbuka au ananichukia tu. Yote mawili yangenifaa.

Nilitoka na fomu kwapani, nikaandike neno langu kwa raha. Kwenye korido alikuwepo msichana mwenye vifaa viwili vya kusikia, vya rangi ya waridi.

"Wewe ndiye Zulema?" aliuliza. "Mimi Yamila. Wanasema unaifunga ya Yapur."

"Naifunga. Furahi."

"Nifurahie nini? Hiyo ndiyo pekee iliyonibakia. Hakuna mwingine anayeifundisha. Ukiifunga, yeye anaenda nyumbani kunywa divai, mimi nakaa mwaka mzima nje."

"Unajua alinifanya nini?"

"Nimeambiwa. Alikupotezea mwaka." Alisema hivyo akinikazia macho kinywani, kama ninavyowakazia watu mimi. "Sasa unataka na wangu."

Ningeweza kumpiga. Nilirudi ofisini nikajifungia, nikalia kwa hasira, kwa sababu lile neno la herufi sita nilikuwa nimelisubiri miaka sita na sasa lilikuwa na sura ya Yamila. Kumsamehe yule mzee sikufikiria hata kidogo. Nilichofikiria ni namna ya kumpata yeye peke yake.

Nikachukua fomu, nikaandika: *Inafaa, kwa masharti.* La kwanza: masharubu yanyolewe, midomo ionekane. La pili: masomo yote ishirini na nane yaandikwe upya kwa ukamilifu, na mwalimu mwenyewe, si na ofisi. La tatu: kila Jumanne saa kumi alasiri amsomee mkaguzi somo moja au zaidi, uso kwa uso. Mkaguzi: Zulema Abregú.

Bibi Mirta alisoma la kwanza akapaliwa na yerba. "Mtoto wewe! Yale masharubu yana umri mkubwa kuliko mimi."

"Yanaziba njia, kama ngazi mbele ya kiti cha magurudumu."

"Sijakataa," alisema, akagonga mhuri.

Yapur alikwenda kwa mkuu wa kitivo, akaenda kwa chama cha walimu, akaenda hata kwa shemeji yake aliye diwani. Kote alirudishiwa kanuni. Jumanne ya pili ya Aprili aliingia amenyolewa. Mdomo wake wa juu ulikuwa mwembamba na mweupe, kama kitu kilichoishi chini ya jiwe. Mkahawani walikuwa wameshamwona. "Profesa, umeingia seminari?" Rulo alimpigia kelele kutoka kibandani: "Bwana mdogo, kitambulisho cha mwanafunzi tafadhali!" Nilisimama dirishani nikala tukio lile lote kama mkate wa moto.

Tukaanza. Alisoma, nikasikiliza kwa macho. Aliposhusha uso nilisema, "Tena." Alipomeza maneno nilisema, "Tena." Mara nyingine nilisema "tena" kwa jambo nililolielewa vizuri kabisa. Sijutii. Mwezi Juni, siku ya baridi na ukungu, alisoma ukurasa mmoja mara sita, nami nilijisikia vibaya kwa muda wa kama dakika moja.

Masomo yalitoka mazuri. Hilo ndilo lililoniudhi. Yalikuwa wazi, yamenyooka, hata mtambo uliyasoma bila kukwama. Kumbe siku zote aliweza.

Jumanne ya mwisho ya Julai nilisaini somo la ishirini na nane. Yamila alikuwa ameshajiandikisha asubuhi, wa kwanza kwenye orodha. Yapur hakuinuka. Alitoa chupa ya maji ya moto mkobani, akatia yerba kibuyuni, akamimina polepole.

"Wewe nilikufelisha," alisema. Midomo yake niliisoma bila shida yoyote.

"Mara tatu."

"Ulikuwa unajua mada?"

"Zote."

Akamimina tena, akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Mvuke ulipanda kati yetu.

"Asante," nilisema.

Kwetu, anayeitikia kibuyu kwa asante amekataa kunywa. Alikishikilia hewani kidogo zaidi, kana kwamba hakusikia, kisha akakirudisha akanywa mwenyewe. Nami nikakusanya karatasi zangu.