Tiketi za Ukumbi wa Pili

Aliyesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hakuwahi kuwa na filamu sokoni. Chiriku alikuwa nayo, na msemo huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Filamu ya Jitu ilijitembeza kila mahali: kwenye mabasi, kwenye vifuniko vya soda, hata kwenye karatasi ya mkate wake wa asubuhi. Na watu waliifuata kama inagawiwa bure.

Jumba la sinema lilikuwa na kumbi mbili. Ule mkubwa ulikuwa wa Jitu. Wa pili, karibu na vyoo, ulikuwa wa filamu ya Chiriku, kisa cha fundi saa na bintiye wasiosemezana. Miaka ya jasho lake ilikuwa mle. Meneja hakumficha kitu.

"Usipojaza Jumamosi hii, kesho yake naweka Jitu kumbi zote mbili."

"Hivi watu wanaona nini kwenye hilo Jitu? Linavunja daraja, linalia, linavunja daraja jingine."

"Hawaji kuona Jitu, dada. Wanakuja ili Jumatatu kazini wasikae kama mabubu wenzao wakisimulia. Fuata nyuki ule asali. Foleni ndiyo tangazo."

Kilichomkera Chiriku ni kwamba meneja alisema kweli. Kaka yake mwenyewe alishaliona Jitu mara mbili, na mara ya pili alimwachia Chiriku watoto. "Yako tutaiona tu," alimwambia, "si ya nyumbani?"

Jumamosi mchana mama yake alifika na majirani wa mtaa mzima, wamependeza kama wanaenda harusini. Chiriku alishindwa kutazama foleni, akaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Aliporudi, meneja alimpa mkono.

"Hongera. Tiketi zako zimeisha. Unabaki wiki nzima."

Chiriku alitokwa na machozi palepale. Kisha akafungua mlango wa ukumbi wa pili ajionee. Fundi saa alikuwa akiviambia viti vitupu maneno yake mazito. Mtu alikuwa mmoja tu, amevua viatu, anakoroma. Nyuma ya ukuta Jitu liliunguruma, watu wakapiga kelele, na katikati ya kelele hizo Chiriku alikisikia kicheko anachokijua tangu kuzaliwa.

Alimsubiri mama nje ya ukumbi mkubwa, amefura kwa hasira.

"Mama, mmekata tiketi zangu mkaingia kwa Jitu?"

"Za Jitu zilikuwa zimeisha. Na pale mlangoni wanachana tiketi tu, hawakuulizi unaelekea wapi. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu. Tumekaa kwenye ngazi, mgongo wote unauma."

"Nilitaka muitazame."

"Ulitaka ijaze, mwanangu. Imejaza. Sasa unanuna nini?"

Chiriku hakumwambia meneja ukweli, ingawa aliona haya. Meneja alikuwa ameshabandika tangazo kubwa mlangoni: tiketi za ukumbi wa pili zimeisha.

Tangazo hilo ndilo lililofanya kazi. Jumapili foleni ya Chiriku ilipinda kona, na safari hii meneja alikuwa ameweka mtu wa kukagua tiketi kwenye mlango wa kila ukumbi. Waliosimama waliulizana filamu inahusu nini. Hakuna aliyejua, walisikia tu kwamba jana watu walikosa. Na pembeni ya foleni alisimama mama, mkoba kwapani, anawasimulia.

"Mimi nimeiona. Nililia mpaka basi. Yule binti anapomsamehe babake, weee, shikeni leso."

Chiriku alimvuta kando kwa kiwiko.

"Mama, hamsamehi."

"Hamsamehi?"

"Baba anamsubiri mpaka mwisho. Binti haji."

Mama alimtazama mwanawe kwa muda, kama anayetafuta kitu usoni mwake. Tabasamu lake likafifia.

"Kwa nini haji?"

"Ndiyo filamu yenyewe hiyo, mama. Niliitengeneza ili nikueleze."

Mama alifungua mkoba, akafunga, akafungua tena.

"Basi nikatie tiketi."

Chiriku alikwenda dirishani, akasimama hapo kidogo, akarudi mikono mitupu.

"Zimeisha, mama."