Chupa ya Uwele

Kinyozi alipofariki, tundu la ndege wake lilihamishwa kutoka kwenye duka lake la kunyolea hadi sebuleni kwa mjane wake, na wiki ileile akahamia hapo dada ya marehemu. Tundu lilikuwa na chiriku watatu wa manjano. Dada alikuwa na sanduku moja na jozi ya viatu vyeupe vya wodini, maana alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na hadi leo watu walimwita Sista. Alisema amekuja kumliwaza wifi yake kwa wiki mbili tatu. Miezi mitano ilipita, sanduku bado liko chumba cha wageni, limefunguliwa nusu, kama vile mwenyewe hajaamua.

Mjane alikuwa mshona mapazia. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kutwa nzima alikuwa akivuta vitambaa vizito mapajani huku Sista akipita nyuma yake kupanga upya vyombo vilivyokwisha kupangwa. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Waliulizana chumvi iko wapi, wakashukuriana, basi. Mshonaji aliona wazi kwamba wifi yake ana jambo moyoni, akajijibu mwenyewe kuwa jambo hilo ni yeye.

Kule dukani wale chiriku walikuwa wakiimba mpaka mteja aliyekuja kupunguza ndevu tu anajikuta amekaa saa nzima. Hapa nyumbani walinyamaza. Kisha wakaanza kunyonyoka manyoya. Mkubwa wao, ambaye marehemu alimwita Mzee, alibaki na shingo tupu kama goti la mtoto.

"Wana majonzi," alisema Sista. "Nao wanajua."

Mshonaji hakubisha. Alimtia Mzee kwenye boksi la viatu lililotobolewa matundu, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono imejaa mikwaruzo ya paka. Alimpapasa ndege kifua kwa kidole kimoja, akauliza anakula nini. Mbegu kavu, akajibiwa, miaka yote tisa.

"Mama, hebu wewe ule mkate mkavu miaka tisa, tuone kama utaimba."

Kisha akaeleza, taratibu, akirudia yale aliyoyaona mazito. Usiwanyime mbegu zao, ila wachanganyie na zilizochipua. Chukua uwele wa kula. Wa kula, siyo wa kupanda, kwa sababu ule wa kupanda umepakwa dawa ya wadudu na ukungu. Uoshe, uloweke kwenye chupa usiku mmoja, asubuhi mwaga maji. Chupa ilale mdomo ukiinama, maji yatoke na hewa iingie. Suuza asubuhi, mchana na jioni. Vimkia vyeupe vikichungulia tu, suuza mara ya mwisho, chuja vizuri, wape kidogo, na baada ya saa mbili uondoe mabaki.

"Na kila mara unuse," alimalizia. "Kukiwa na harufu ya majani mabichi, sawa. Ukisikia uchachu, au ukaona utelezi au ukungu, mwaga yote. Usiokoe hata punje. Na nakwambia tena, uwele wa kula."

Chupa ya kwanza ilimshinda. Aliisimamisha wima kabatini, maji yakabaki chini, na siku ya pili alipofungua alipigwa na harufu ya soksi. Sista alikuwa mlangoni.

"Ndugu yangu hakuwahi kuwapa ndege wake vitu vilivyooza," alisema, akaenda zake.

Mshonaji alimwaga, akaiosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, akaanza upya. Safari hii alikata kipande cha wavu wa pazia, akakifunga mdomoni kwa mpira, akailaza chupa juu ya kichanja cha vyombo, mahali penye kivuli. Kila alipomaliza kupinda pindo moja aliinuka kusuuza. Siku ya tatu punje zilikuwa zimetoa vimkia vidogo kuliko ncha ya sindano. Alinusa. Zilinukia kama bustani iliyotoka kunyeshewa.

Mzee alikitazama kijiko kizima cha uwele ule kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akadonoa. Wale wawili wakamsukuma wapate nafasi.

Baada ya wiki sita shingo ya Mzee ilikuwa imeota vijinywele vya manjano. Sista aliendelea kupanga vyombo vyake. Ila mara mbili Mshonaji alikuta chupa imesogezwa, jua lilipoanza kuifikia, na mara moja akamkuta wifi yake ameinamia kichanja, pua imegusa wavu. Alitamani kumwita amweleze. Hakumwita. Chupa ile ilikuwa kitu chake, na katika nyumba ambayo kila kijiko kilikuwa kimeshahamishwa, hakuona vibaya kubaki na kitu kimoja.

Kisha akapata kazi ya kutundika mapazia kwenye ukumbi wa chuo, mji wa pili, siku tatu. Aliacha uwele uliokwisha kuchipua, wa kuwapa siku ya kwanza, na mbegu kavu za kutosha.

"Huu ukiisha wape hizi kavu tu mpaka nirudi," alimwambia Sista. "Wasikusumbue."

Alirudi alasiri ya siku ya tatu, mabega yanauma kwa kupanda ngazi. Hata mkoba hajautua, aliona chupa mpya kwenye kichanja. Wavu umefungwa vizuri. Imelazwa vizuri. Lakini matone yaliyodondokea kwenye sinia chini yake yalikuwa ya waridi.

"Wifi, hii umetoa wapi?"

Sista alitoka chumbani akijifuta mikono, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kusifiwa. "Uwele ulikuwa umeisha koponi. Nikaenda duka la pembejeo, nikachukua mzuri kabisa, punje zote sawasawa. Nikafikiri ni aina nyingine, ile yenye rangi. Nimesuuza mara tatu kwa siku, kama unavyofanya. Nimewapa sasa hivi tu."

Mshonaji alishafika kwenye tundu. Alitoa kisahani kwa nguvu mpaka punje zikatawanyika sakafuni. Wale wawili wadogo walikuwa bado juu kwenye kijiti, wanakitazama kile chakula cha rangi kwa mashaka. Mzee, ambaye hakuwa na mashaka na chochote kilichotoka kwenye chupa, alikuwa chini, mdomo una waridi.

Walimpigia daktari simu. Alisema wamlete upesi, wamfunike apate joto, na waje na punje chache ndani ya karatasi. Sista ndiye aliyeshika boksi njia nzima, analisemesha kwa sauti ya wodini, ile ya chini isiyotetemeka. Daktari alifanya alichoweza. Kabla jua halijazama Mzee alikuwa amelala ubavu, amekwisha.

Walirudi kwa miguu. Mshonaji alikuwa na hasira, na maneno tayari mdomoni: nilikwambia uwape kavu. Alikuwa na haki nayo. Aliyashikilia mpaka wakafika, mpaka wakakaa mezani boksi likiwa katikati, na hapo akamwona Sista analia. Kwenye mazishi ya ndugu yake hakutoa chozi. Alipika, alipokea wageni, alikunja mashuka. Sasa alilia kwa ajili ya ndege, mabega yanaruka, hajifuti.

"Alinipigia simu," alisema. "Wiki mbili kabla hajafa. Aliniambia kifua kinamwaka akimaliza kula. Nikamwambia anywe maziwa, apunguze pilipili. Miaka thelathini na moja nimewapeleka watu wakapimwe moyo, hata waliokuwa hawataki. Ndugu yangu mwenyewe nikamwambia anywe maziwa."

Mshonaji alilisogeza boksi pembeni. Ile hasira haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa.

"Mimi nilidhani unanilaumu mimi," alisema.

"Nikulaumu kwa lipi?"

"Nililala naye kitanda kimoja. Alikuwa akiamka anakaa kitini, anasema mgongo. Nami nikaamini mgongo."

Wakatazamana, wanawake wawili ambao kwa miezi mitano kila mmoja alikuwa akimkwepa mwenzake ili asisomwe usoni.

"Na la leo si lako peke yako," aliendelea Mshonaji. "Daktari aliniambia mara mbili: uwele wa kula, siyo wa kupanda. Ule wa duka la pembejeo ni wa kupanda, na hiyo rangi ni sumu. Sikukwambia. Nilikuona unachungulia, nikajua unataka kujua, nikanyamaza. Nilitaka humu ndani kuwe na kitu kimoja ambacho wewe hukijui."

Sista alijifuta pua kwa kiganja, jambo ambalo asingemruhusu mgonjwa yeyote. "Basi niambie sasa," alisema. "Tangu mwanzo. Usiruke."

Mshonaji akamwambia. Sista alichukua karatasi akaandika kwa mwandiko wa chati za wodini, kila hatua na saa yake, akiuliza maswali: maji kiasi gani, baridi au vuguvugu, mbegu isiyochipua kabisa maana yake nini. Hilo la mwisho Mshonaji hakulijua. Wakakubaliana kumuuliza daktari. Uwele wa waridi waliufunga kwenye mifuko miwili, chupa wakaitupa pamoja nao, kisahani pia.

Mzee walimzika kwenye chungu kikubwa cha maua kilichokuwa barazani. Sista alisema tu kwamba alikuwa mlaji, na Mshonaji akacheka bila kutaka.

Jumamosi walikwenda sokoni pamoja. Sista alitangulia kwa muuza nafaka, akachota uwele kiganjani, akaupeleka kwenye mwanga, akaunusa, akaupuliza vumbi.

"Huu ni wa kula au wa kupanda?"

"Mama, kwani wewe unataka kufanya nini?" aliuliza muuzaji.

"Kula."

"Basi ni wa kula. Una ladha sana, utanikumbuka."

"Anayekula si mimi," alisema Sista. "Tena wenyewe ni wawili, na wana daktari wao. Nijibu vizuri, umepakwa chochote?"

Muuzaji alitupa punje kadhaa mdomoni, akatafuna mbele yao mpaka akameza. Sista alimtazama koo kwa makini, kama anayesubiri kipimo kitoe jibu, kisha akamgeukia wifi yake na kufungua kikapu.