Nililala Matangani

"Mama, Mzee ametuacha," nilisema, kisha nikacheka.

Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilinitoka kama kwikwi. Niliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakazidi kutikisika. Mama Achola, mjane wa dakika chache, alinitazama kutoka ng'ambo ya kitanda cha mumewe.

"Sista," aliuliza polepole, "unatucheka?"

Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ndogo pale Kondele. Wenzangu wawili walikuwa wameacha kazi, nami nikabeba zamu zao. Matroni Agneta aliponihimiza nipumzike, nilimjibu kwa kiburi kwamba wagonjwa hawaendi likizo. Mzee Ondiek, mumewe Mama Achola, nilimwosha, nikamnywesha uji, hata akawa ananiita binti yake. Huyo ndiye niliyemcheka.

Siku ya mazishi nilikwenda Usenge, kijijini kwa marehemu, kuomba radhi. Boma lilifurika watu, na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa ufuoni ilitufikia hadi chini ya turubai. Niliketi nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa, nikiyapanga maneno yangu. Kwaya ikaanza kuimba.

Nilipofumbua macho, vijana walikuwa wanapanga viti kuviondoa. Nilikuwa nimelazwa mkekani, nimefunikwa leso, mate yamekauka shavuni. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Walinibeba, mimi mtu mzima niliyekuja kuwapa pole, na sikuhisi kitu.

Mama Achola alikuja na maji ya kunawa na sahani ya ugali kwa samaki. Pindo la nguo yake lilikuwa na udongo wa kaburini. Nilipiga magoti.

"Mama, siku ile hospitalini..."

"Nyathina, mwanangu, nawa mikono."

"Nilikucheka, Mama. Na leo nimelala."

"Nilikasirika sana," alisema. "Nilikuwa nitakuja kukushtaki kwa mkubwa wako. Halafu leo nikaona umeanguka kwa kiti kama gunia. Nikauliza hawa watu, huyu mtoto anaangaliwa na nani? Hakuna mtu alijua."

Nikanawa mikono.

Jumatatu nilimwendea Matroni nikaomba likizo. Lakini kwamba amenisamehe, Mama Achola hakutamka. Siku ile ya mazishi aliketi tu kando yangu, mbele ya waombolezaji waliobaki, akanichambulia miiba ya samaki kama mtoto mdogo, nami nikashindwa kumzuia.