Jicho la Kupimia Mbao

Fundi aligonga kikombe kwa kiwiko, chai ikamwagikia mlango aliotoka kuupiga msasa.

"Hukukiona?" mkewe aliuliza, brashi ya vanishi mkononi.

"Umekiweka kisirisiri."

"Kisirisiri! Kushoto kwako hapo hapo, mume wangu. Na jana ulipogonga bega kwenye fremu?"

"Fremu ilisogea."

Mkewe hakucheka. Alikwenda akazima msumeno wa umeme. "Chukua ubao. Pima."

Fundi alitabasamu kwa majivuno. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina mtaani. Akauinua ubao hadi shavuni, akafumba jicho la kushoto, akatazama ukingo kwa la kulia.

"Umenyooka kama rula."

"Sasa fumba la kulia."

"Ya nini? Tangu nianze useremala sijawahi..."

"Fumba, baba."

Akafumba. Ncha ya ubao ikazama kwenye ukungu. Mkewe, aliyesimama kando yake, akatoweka. Ikabaki sauti tu. Miaka yote hiyo jicho la kushoto lilikuwa likifa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifumba kila siku asijue. Ubao ukamponyoka.

"Baba yako alianza hivi hivi," ile sauti ikasema.

Baba yake alikufa kipofu.

Kesho yake kwenye chumba cha daktari wa macho, mashine ilimpulizia hewa jicho la kushoto. Daktari akasoma namba, akapuliza tena.

"Presha ya jicho iko juu sana. Hii ni glakoma. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

Mkewe akakohoa. "Na hiyo iliyo mfukoni?"

"Hii ya pua! Tumekuja kwa macho." Hata hivyo akaitoa ile chupa ya kupuliza, akaibwaga mezani. "Vumbi la mbao linaniziba. Bila hii sipumui."

"Nani anakuandikia?"

"Daktari aliniandikia mara moja, miaka mingi nyuma. Tangu hapo najinunulia mwenyewe."

"Ulimwambia habari za upofu wa baba yako, kama mlivyonieleza?"

"Nilikwenda na pua, daktari. Baba aliingiaje?"

"Hapo ndipo alipoingia." Daktari akaigeuza chupa. "Hii ina steroidi. Wengi huitumia na macho yao yasipate kitu. Lakini kuna watu presha ya jicho huwapanda, hasa wenye ugonjwa huu kwenye ukoo, na haiumi hata chembe. Siwezi kusema kama ni dawa, ni damu, au vyote viwili. Ulipaswa kupimwa macho mara kwa mara. Kilichopotea hakirudi."

"Na la kulia?"

"Sijalipima bado."

Fundi aliweka kidevu kwenye mashine. Hilo jicho ndilo lililomlisha. Mkono wa mkewe ukatua mgongoni mwake.

"Usikaze. Pumua."

Pu! Daktari alisoma namba, akamulika ndani ya jicho, akaandika kitu kwenye faili.

"Sema basi, daktari!"

"Presha imepanda kidogo. Mshipa wa kuonea bado mzima. Tutaulinda kwa matone, kila siku, maisha yako yote. Kuhusu pua, nitamwandikia mwenzangu akutafutie dawa nyingine. Na msumeno uache mpaka nikuone tena."

Nyumbani alikaa kwenye benchi la karakana, kichwa nyuma, akipiga chafya mfululizo bila ile dawa yake ya pua.

"Fumbua," mkewe alisema, chupa ndogo mkononi.

"Subiri!"

"Mwanamume wa msumeno anaogopa tone?"

"Haya. Anza na la kulia."

"Yote mawili, fundi. La kushoto nalo lina kitu cha kulindwa."

Akayafumbua yote mawili.